Neema Haina Kipande

Hapana mtu aliyeishi Korogwe muda wa kutosha, hata kama amezaliwa baada ya zama za mkonge kupita, asiyewahi kusikia habari za kipande. Kilikuwa kadi ndogo yenye vyumba thelathini, kila chumba cha siku moja ya kazi. Manamba aliyeletwa kutoka Ubena, Songea, Kigoma au Ruanda-Urundi alipomaliza ngwe yake karani alitia alama katika chumba kimoja, na aliposhindwa kuimaliza, kwa homa, au kwa mvua, au kwa mkono uliovimba kwa miiba, chumba kilibaki kitupu na siku ile ikahesabiwa kuwa haikuwapo. Ujira ulitoka kipande kilipojaa. Mmea wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miche elfu moja iliyotolewa Florida iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902. Na tangu hapo, kwa zaidi ya nusu karne, sehemu kubwa ya ardhi njema ya wilaya hii ilikuwa milki ya mkonge, na maisha ya maelfu ya watu yakapimwa kwa vyumba thelathini.

Kipande kimekwisha futwa, na sijasikia mtu aliyekililia. Nina shaka, hata hivyo, kwamba kilipotoka mashambani hakikwenda kaburini, bali kilivuka barabara kikaingia kanisani, na huko kimepata makarani wapya, wengine wamevaa kanzu nyeupe na wengine suti za bei kubwa. Na kwa kuwa Wakristo wa Handeni na Korogwe ni watu ambao mababu zao walijua, kwa miili yao na si kwa kusoma, maana ya kununuliwa na maana ya kukombolewa, mimi naona ni aibu na hasara kubwa wao kukubali kuishi tena chini ya kadi katika jambo ambalo dini yao yenyewe inasema halina bei.

Injili ya Matayo, katika sura ya 20, ina mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyeajiri watu alfajiri, akaajiri wengine saa tatu, wengine saa sita na saa tisa, na wa mwisho akawaajiri saa kumi na moja jua likielekea kuzama, kisha akawapa wote ujira ulio sawa, dinari moja kila mtu. Hapana mnyapara wala meneja wa mkonge ambaye angeuona mpango huo kuwa wa mtu mwenye akili timamu, na wale walioanza kazi alfajiri, kwa mujibu wa Injili yenyewe, hawakuuona hivyo pia, wakanung'unika. Wahubiri wengi huupita mfano huu kwa haraka, wakiogopa, nadhani, kwamba waumini wakiuelewa sawasawa hawataamka tena alfajiri. Lakini ndani yake ndimo ilimo itikadi yote ya neema: kwamba uhai mpya ambao Mkristo anaamini ameupata haukupimwa kwa ngwe, wala haukungoja kadi ijae, bali ulitolewa kwa ukarimu wa mwenye shamba. Nikodemo, mwalimu wa Wayahudi aliyemwendea Yesu usiku, aliambiwa jambo hilihili kwa njia nyingine, kwamba hana budi kuzaliwa mara ya pili. Naye, kwa kuwa alikuwa msomi, akauliza swali la kisomi juu ya tumbo la mama, asitambue kwamba katika mambo yote anayoweza kuyafanya mtu hapa duniani, kuzaliwa peke yake ndiko ambako hakumtaki afanye kazi yoyote.

Nafahamu vizuri kwamba gazeti hili linasomwa na watu wa dini zote, na ya kwamba Uzigua, na Handeni hasa, ni nchi ambayo Waislamu ni wengi kuliko Wakristo, watu wanaoanza kila jambo lao jema kwa jina la Mwingi wa Rehema. Sina nia ya kuingia katika mjadala wa dini mbili, wala sina elimu yake. Nazungumza na watu wa nyumba yangu, jirani akiwa barazani, naye ana ruhusa ya kusikia. Na katika habari ninayotaka kuieleza sasa jirani huyo ana sehemu kubwa kuliko sisi.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ukame mkali uliiingia nchi ya Wazigua, na njaa iliyofuata ikawasukuma watu wengi pwani, ambako, kwa masimulizi yaliyohifadhiwa na kizazi hata kizazi, waliahidiwa chakula na kazi ng'ambo ya bahari na kurudishwa nchi yao itakapopata mvua. Majahazi yakawachukua hadi Barawa na pwani nyingine za Wasomali, nako wakauzwa. Wao, na watoto wao, na watoto wa watoto wao, hawakuisahau nchi: walipoweza kujinasua, wakiongozwa na mwanamke mwenye maono aitwaye Wanakhucha, walikimbilia mabonde ya mto Juba wakitafuta njia ya kurudi kusini, wakashindwa kuendelea, wakakaa pale, wakaendelea kusema Kizigua katikati ya watu wasiokijua kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi yao walipanda mashua wakaja Tanga. Serikali ikawaweka Mkuiu, wilayani Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, na baadaye zaidi ya watu elfu moja kati yao wakapewa uraia wa Tanzania.

Hao wa Chogo wengi wao ni Waislamu, wala sithubutu kuwafanya kielelezo cha mafundisho ya Kikristo bila idhini yao. Nitasema tu kwamba Paulo, alipowaandikia Waefeso katika sura ya pili ya waraka wake, na alipotaka kuwaeleza watu waliokuwa mbali jinsi walivyofanywa kuwa watu wa nyumbani, alitumia lugha ya uraia na ugeni. Na Mkristo wa Handeni anayetaka kuelewa sura ile hana haja ya kufungua kitabu cha tafsiri kilichoandikwa Ujerumani. Amwulize mzee wa Chogo alijisikiaje siku alipotajwa kwa jina kuwa mwananchi wa nchi ambayo babu wa babu yake aliondolewa kwa hila.

Ila tusijitie usafi tusiokuwa nao. Wazigua hawakuwa waliouzwa tu. Zilipofika bunduki, wakubwa wao waliteka na kuuza Wabondei na Washambaa, na vita vya wana wa Kilindi, ukoo wa watawala wa Usambara, viliwafanya majirani wote wa bonde la Ruvu kuwa wawindaji na windo kwa zamu. Na hata pasipo vita, katika njaa za miaka ya 1890, nzige walipokula kilichosazwa na jua na sotoka ikamaliza ng'ombe, baba alimweka mwanawe rehani kwa tajiri mwenye nafaka, akitumaini kumkomboa mavuno yatakapokuja, na mara nyingi mavuno hayakuja. Mtoto wa rehani hakuwa mtumwa kwa jina. Lakini hakuwa na uwezo wowote wa kujikomboa mwenyewe, kwa kuwa kazi yake yote aliyoifanya ilikuwa ya yule aliyemshika, na kila siku aliyoishi ilizidisha deni la chakula alichokula. Lazima aje mtu kutoka nje ya deni lile, mwenye nafaka ambayo si ya mdai, amtoe. Wanateolojia wamejaza maktaba wakieleza kwa nini mwanadamu hawezi kujiokoa. Bibi zetu walilijua jambo hilo bila maktaba.

Katika hali hiyo ndipo Injili ilipofika huku. Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo wazee waliita UMCA, iliyozaliwa kwa wito alioutoa David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857, ilishindwa kwanza huko Shire ambako askofu wake Charles Mackenzie alifariki mwaka 1862, ikahamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer. Na wanafunzi wake wa kwanza kabisa hawakuwa wana wa masultani wala wa majumbe, bali vijana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa na Sayyid Majid, Sultani wa Unguja. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa naye, alipewa upadri mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba ambao Sayyid Barghash aliutia sahihi mwezi wa Juni 1873, na siku ya Noeli ya mwaka uleule msingi wa kanisa ukawekwa mahali hapohapo palipokuwa soko, Mkunazini. Kutoka Unguja misheni ilivuka kwenda Magila katika Ubondei, na kutoka Magila ikapanda Korogwe, na hatimaye Kideleko karibu na Handeni. Kwa hiyo Kanisa lililotufikia sisi lilikuwa, tangu kuzaliwa kwake, Kanisa la watu waliokwisha lipiwa fidia na mtu mwingine.

Nasema hayo kwa fahari, nami nalazimika kusema na mengine. Waliokombolewa walikombolewa bure, lakini punde si punde walijikuta chini ya kanuni nyingi: katika makazi ya Mbweni, nje ya mji wa Unguja, waliishi kwa taratibu za misheni za kazi, za ndoa na za mavazi, na huku bara mtu aliyetaka kubatizwa alikaa kwanza miongoni mwa wasikilizaji, kisha akaingia daraja la wakatekumeni, miaka ikapita akifundishwa na kuangaliwa mwenendo. Sina ugomvi na kufundishwa. Mtu anayeacha mizimu ya ukoo wake na kuingia njia nyingine anahitaji muda, na aliyebatizwa leo kwa sababu ya sare ya shule huenda kesho asijue alichokifanya. Lakini polepole, bila mtu yeyote kukusudia, yale mafundisho yaligeuka mtihani, na mtihani ukageuka kadi, na Mkristo wa pili na wa tatu katika ukoo akakua akiamini kwamba Mungu ana karani.

Askofu Frank Weston, aliyeiongoza dayosisi ya Unguja tangu 1908 hadi alipofariki Hegongo, Magila, mwaka 1924, alikuwa mkali wa kanuni kuliko wengi, na jina lake lilivuma ulimwenguni kwa sababu ya ugomvi wake na walegevu wa mafundisho. Lakini ni mtu huyohuyo aliyechapisha mwaka 1920 kijitabu cha kuishambulia serikali ya nchi yake kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi, na aliyewaambia Waanglikana wenzake mjini London mwaka 1923 kwamba hawana haki ya kumwabudu Yesu altareni ikiwa hawamwoni katika mitaa ya maskini. Laiti warithi wake wote wangerithi vipande vyote viwili.

Hapa msomaji makini ataniuliza: basi ikiwa uhai mpya hutolewa bure, mtu atabadilika kwa nini? Atakunywa jana, atatubu leo, atakunywa kesho, na neema ipo. Swali hili aliulizwa Paulo, naye akalijibu kwa ukali katika sura ya sita ya waraka kwa Warumi. Mimi nitalijibu kwa habari ya mtu. John Newton, Mwingereza, alikuwa baharia katika biashara ya watumwa. Mwaka 1748, dhoruba ilipokaribia kuizamisha merikebu yao, alimlilia Mungu, na tangu siku ile alijihesabu kuwa mtu aliyeokolewa. Je, aliacha biashara? Hakuiacha. Alipanda cheo, akawa nahodha, akasafirisha watu katika minyororo huku akisoma sala zake, hadi maradhi yalipomtoa baharini mwaka 1754. Alikuja kuwa kasisi, na kwa ajili ya mwaka mpya wa 1773 akatunga wimbo wake juu ya neema ambao leo unaimbwa duniani kote. Na miaka mia moja baada ya mwaka ule ndipo lilipofungwa soko la Unguja, ambalo yeye hakuwa na habari nalo. Mpaka 1788, miaka arobaini baada ya dhoruba, ndipo alipochapisha maandishi ya kukiri na kuilaani biashara ile hadharani.

Wapo wanaoisoma habari hiyo na kusema kwamba Newton alikuwa mnafiki kwa miaka arobaini. Mimi naisoma tofauti, ingawa simtetei, maana waliokuwa chini ya sitaha yake hawakuwa na miaka arobaini ya kumngoja. Naona ndani yake ushahidi kwamba uhai uliozaliwa upya ni uhai kweli, nao hukua kama uhai ukuavyo, na huchelewa, na huumwa, na kwamba lau neema ingekuwa ujira wa aliyekamilika, Newton asingeipata mwaka 1748 wala 1788. Zakayo naye, mtoza ushuru wa Yeriko, alirudisha mara nne alichodhulumu. Watu husahau kuangalia ni lini alirudisha. Yesu alikuwa amekwisha jikaribisha nyumbani kwake.

Watu wa uamsho waliijua siri hiyo. Moto ule uliowashwa na urafiki wa Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Joe Church, Mwingereza, tangu mwaka 1929, ukawaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na Bukoba hadi Dodoma, ulikuwa na desturi moja iliyowatisha wakubwa wa serikali na wa makanisa kwa pamoja: mlokole alisimama mbele ya watu akataja dhambi zake, kisha akabeba baiskeli aliyoiiba, au shuka, au fedha za ofisi, akamrudishia mwenyewe. Hakurudisha ili aokoke, alirudisha kwa kuwa ameokoka. Makanisa yaliyolelewa na UMCA, kwa kupenda utaratibu, yaliupokea uamsho huo kwa tahadhari, na sehemu ya tahadhari ile ilikuwa ya haki, kwa kuwa walokole wengine walijiona wao peke yao ndio walio hai. Lakini nathubutu kusema kwamba tulipoteza kitu. Edmund John, mlei wa Kianglikana na nduguye Askofu Mkuu John Sepeku, alitukumbusha kitu hicho mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipozunguka akihubiri toba na kuwaombea wagonjwa, hadi alipofariki mwaka 1975.

Leo hatari imekuja kwa mlango mwingine. Shuka kwenye basi Segera au Mkata, tembea Manundu mjini Korogwe au Chanika mjini Handeni, utaona mabango ya mikutano yenye picha za watumishi wa Mungu wakitabasamu, na chini ya picha namba ya simu ya kutumia sadaka. Kuna mafuta ya upako, kuna maji, chumvi, vitambaa, stika za kubandika mlangoni na kwenye bodaboda. Kuna mbegu ambayo mtu huambiwa aipande, na mbegu ni fedha, na ardhi inayopandwa ni mfuko wa mhubiri. Sisemi kwamba wote ni matapeli, maana wamo humo watu waliomtoa mlevi katika ulevi ambao sisi wa makanisa ya kale tulikwisha mwandika kuwa amepotea. Nasema kwamba kitu kinachouzwa pale si chao kukiuza. Ujerumani mwaka 1517 Martin Luther aliondokea kuwa maarufu kwa kukasirishwa na vyeti vya msamaha vilivyouzwa kwa fedha, na nadhani angalikuwa hai angalikasirishwa zaidi na mafuta, kwa kuwa cheti cha zamani kiliahidi tu mbingu, na haya yanaahidi viza, mume, cheo na ushindi wa kesi.

Na mtu anayedhani kwamba jambo hilo ni la kuchekwa tu, akumbuke uwanja wa Majengo, mjini Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipokufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyomwagwa chini. Walikuwa watu wenye shida za kweli. Waliambiwa kuwa baraka iko pale, mahali fulani, kwa kiasi fulani, na atakayewahi ndiye atakayepata. Na penye kiasi na kuwahi hapana neema, pana foleni.

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa, na wengi katika makanisa yetu ya zamani wangenipongeza, kwa sababu kuwalaumu wahubiri wa mabango hakumgharimu padri wala mchungaji kitu. Lakini kadi ninayoizungumza mimi imo mezani mwetu sisi wenyewe. Katika parokia na sharika nyingi za nchi hii, za madhehebu yanayojiheshimu, yenye historia na majengo ya mawe, Mkristo ana kadi ya zaka na bahasha za ahadi, na kadi ile ina vyumba, kumi na viwili badala ya thelathini. Si vibaya kanisa kuweka hesabu. Vibaya huanza pale kadi inapotoka katika meza ya mtunza hazina ikasimama mlangoni: mtoto asibatizwe mpaka baba akamilishe mchango wa ujenzi, wachumba wasitangazwe, na lililo baya kupita yote, Mkristo anapokufa, jambo la kwanza kuulizwa si saa ya maziko, ni kadi yake. Ndugu wanaanza kuchangishana chini ya mwembe, maiti imo ndani, ili kujaza vyumba vya miezi ambayo marehemu alikuwa kitandani hawezi hata kumeza uji. Wasipoweza, anazikwa na jirani zake bila kengele na bila padri, na mara nyingi, niseme kweli, wa kwanza kushika majembe ni Waislamu wa kijiji kile, ambao hawamdai kitu.

Wanaoitetea desturi hiyo si watu wabaya. Huniambia kwamba paa halijiezeki, kwamba katekista na mwinjilisti wana watoto wanaokula, kwamba zamani fedha zilitoka Uingereza na Ujerumani na sasa hazitoki, na kwamba mtu asiyechangia akiwa hai hana haki ya kulitaka kanisa akiwa amekufa. Hoja tatu za kwanza nazikubali zote, nami nawaambia wasomaji wenzangu wenye mashamba ya michungwa na maduka na mishahara kwamba wanaomwacha mwinjilisti wa kijijini aishi kwa mihogo ya msaada wana dhambi ya kujibu. Hoja ya nne siikubali hata chembe. Imezaliwa katika mkonge, haikuzaliwa katika Injili. Yule mnyang'anyi aliyesulubiwa karibu na Yesu hakuwa na chumba hata kimoja chenye alama. Aliingia saa kumi na moja na dakika hamsini na tisa, na tangu zamani Kanisa limefundisha kwamba aliingia.

Tena kuna jambo ambalo watetezi hao wanalipuuza. Kanisa lenyewe, huku kwetu, limepata heshima yake kubwa kwa vitu lilivyotoa bila kuuliza kadi. Masista wa Shirika la Mateso Matakatifu, lililoanzishwa na Askofu Weston mwaka 1911, waliwauguza watu wa Kwamkono, wilayani Handeni, na kuwalea watoto waliopooza kwa polio, wa dini yoyote. Na mtu wa Handeni ambaye hajaingia kanisani hata siku moja anaposikia neno Kanisa, kinachomjia akilini ni mikono ile, si hesabu za parokia. Watoto wale hawakuwa na cha kulipa. Basi kama tuliweza kumpokea mtoto wa Mwislamu asiyeweza kutembea, tukamlea bure kwa sababu tuliamini kwamba sisi wenyewe tulipokewa bure, tunawezaje kumrudisha mlangoni mama mjane wa Kikristo kwa sababu ya ahadi ya shilingi elfu thelathini?

Kwa hiyo naomba jambo moja tu, nalo si kubwa. Korogwe ni makao ya Dayosisi ya Tanga ya Kanisa Anglikana, na Walutheri na Wakatoliki wana parokia na sharika katika wilaya zote mbili. Viongozi hawa wanajuana, wanazikana, na hukaa pamoja katika kamati za serikali bila kugombana. Nawasihi mababa maaskofu, mapadri, wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa wa Handeni na Korogwe, katika mikutano yao ya mwaka ujao, wakae wapitishe kwa maandishi kwamba ubatizo, Meza ya Bwana, ndoa na maziko havitafungwa kamwe na kadi ya michango, na kwamba katekista au mzee atakayeuliza kadi penye msiba ataulizwa yeye kwanza. Michango idaiwe, na idaiwe kwa bidii, ila idaiwe kwa walio hai na wenye uwezo, siku ya kazi, ofisini. Nanyi waumini, msingoje azimio hilo: msiba wa kwanza utakaotokea katika mtaa wenu, marehemu akiwa hana kadi, nendeni mkaimbe.